Ukemi Hupigwa

Nguvumali, Tanga
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwa shangazi yangu Kazija,

Shikamoo, shangazi. Naandika nimekaa barazani, Khairiya yuko mapajani ananyonya huku anaipiga kalamu mateke, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima ujue ni mguu wa mjukuu wako. Hajambo. Jino la pembeni limetoka na sasa ananing'ata. Anatembea kwa kushika ukuta, ukuta ukiisha anasimama na kulia kama mtu aliyefika kivukoni akakuta pantoni imeondoka. Mimi nipo. Asubuhi nafagia madarasa ya shule ya hapa jirani, mchana nauza vitumbua getini, na usingizi nausikia kwa watu.

Laini yangu ya simu niliitupa, sababu unaijua. Na wewe ulishasema simu kwako ni nzi tu sikioni, masikio yamechoka. Basi tuandikiane. Mwatumu akileta nazi zake sokoni Tanga atanipitishia, nimemwapisha asimwambie mtu ninapokaa.

Sasa lililonikalisha kitako. Usikasirike, nimeanza kujifunza karate.

Nakuona unavyoweka miwani chini. Ivae, usome. Siku ile naondoka kwenu Pangani, mwanao aliniambia mlangoni kwamba mtoto ni wake na atamfuata popote nitakapomficha, awe na mimi au bila mimi. Ulikuwepo, ulikuwa unachambua mchele. Jina lake silitaji humu, nikilitaja mkono unaniharibikia. Najua yuko Mombasa kwenye malori. Lakini bodaboda ikizima injini nje ya nyumba hii, mimi huacha mafuta jikoni nikakimbilia kumshika mtoto. Siwezi kuishi hivi, shangazi. Vitumbua vinaungua na mimi naungua.

Pale shuleni kuna ukumbi, na baada ya Alasiri wanawake hufanya mazoezi humo. Mwalimu ni dada mmoja Mbondei wa Muheza, anaitwa Beatrisi, kazi yake ni uuguzi. Nilikuwa na ufagio wangu nje ya dirisha, kila siku nafagia mahali palepale. Siku moja akatoka akasema, "Dada, hapo pameshang'aa. Ingia." Nikamwambia nina mtoto. Akasema, "Mlete, alale kwenye godoro." Ndivyo nilivyoingia.

Kwanza wanakufundisha kusimama. Utadhani unajua kusimama. Mguu mmoja mbele umekunjwa goti, wa nyuma umenyooka, kisigino kimekanyaga chini, uzito kwenye goti la mbele. Unakaa hivyo mpaka mapaja yanaimba. Halafu unajifunza ngumi, na ngumi yenyewe nusu ni mkono unaotoka na nusu ni mkono unaorudi kiunoni. Mwalimu anasema wote tunakumbuka mkono unaotoka, huu unaorudi tunausahau, na nguvu iko huko. Ile nguo nyeupe nimeazimwa, maziwa yameshaitia madoa kifuani, na hakuna aliyecheka.

Walichocheka ni hiki. Siku ya kwanza mwalimu alisema kwa sauti, "Haya, ukemi." Mimi nikavuta pumzi nikapiga ukemi, ule wetu wa kuitana shambani, mpaka njiwa wakatoka kwenye paa na Khairiya akaamka. Nikatazama pembeni, wenzangu wote wako chini. Kumbe kwa Kijapani ukemi ni kuanguka. Yaani kuanguka kwa ufundi, usivunjike. Mwalimu Beatrisi hakuwa analijua neno letu hata kidogo. Jirani yangu Zuwena, ambaye naye anafanya mazoezi, mpaka leo akinikuta bombani anasema, "Mwanasiti, anguka basi tukusikie."

Ucheke usicheke, nimekueleza. Uniombee dua. Kama kuna habari yoyote kutoka Mombasa, niambie.

Mwana wa kaka yako,
Mwanasiti


Pangani
3 Februari 2025

Mwanangu Siti, mwana wa kaka,

Marahaba. Barua yako imefika na vitumbua vimefika, viwili Mwatumu kavila njiani na amekiri. Huku hatujambo kwa uwezo wake Mola. Kuku mwekundu ametotoa. Makuti ya upande wa jikoni yamechoka, mvua ikija nitakinga sufuria. Juzi niliteleza kwenye saruji ya kisimani, nikaangukia kiganja, mpaka leo kifundo kinanisema. Uzee huu hauna breki. Jino la Khairiya umelitia mafuta ya nazi? Mtie.

Hiyo karate nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Swali langu ni moja. Mwatumu ameniambia kaona kwenye televisheni, watu hao wakiingia wanainama mpaka kiuno. Mnamwinamia nani? Sisi tuna mmoja tu wa kurukuu kwake. Nijibu hilo kabla hujanieleza ngumi.

Na neno letu wamelichukua wakaligeuza kuwa kuanguka. Ukemi sio kitu cha kuchezea. Mama yetu akiwa bado yuko hai, mwanamke akipiga ukemi shambani, asiyetoka na panga alitoka na mchi, na asiyetoka kabisa aliulizwa msikitini. Hakuna aliyesema sikusikia. Siku hizi kila mtu ana redio yake ndani.

Mtu wa Mombasa yuko Mombasa. Sina la kuongeza. Masikio yangu unayajua, watu wakiniletea habari sishiki ila nusu.

Mvishe mtoto soksi asubuhi.

Shangazi yako,
Kazija


Nguvumali
Jumapili, 16 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole sana na kiganja. Jino nimelipaka mafuta, ameyalamba yote akataka tena. Soksi anazivua, anamvisha paka wa Zuwena.

Swali lako nilimpelekea mwalimu kama lilivyo. Sisi Waislamu mle ndani ndio wengi, na kumbe wote tulikuwa tunalo rohoni hatujalisema. Akasema kule ni kusalimiana tu, kama sisi tunavyosema shikamoo, lakini hataki mtu aende nyumbani na dhamiri nzito. Basi sasa tukiingia tunaweka mkono kifuani na kuinamisha macho. Umeturekebishia darasa zima ukiwa Pangani.

Kuhesabu kwao ni ichi, ni, san. Mwalimu akisema "Ichi, ni," Zuwena kule nyuma anajibu "ni nini?" na tunaharibika wote. Khairiya anakaa kwenye godoro anasema "ichi, ichi" na kupiga mikono. Moja haijui bado.

Nakueleza ya kucheka kwanza kwa sababu ya pili ni mazito.

Umesema umeangukia kiganja. Usifanye hivyo tena, utavunja kifundo. Nisikilize, nakufundisha kama nilivyofundishwa. Ukiona unaenda chini, usibishane na ardhi. Kunja kidevu kifuani, kama unayetazama fundo la kanga yako, kichwa kisiguse. Jikunje mgongo. Mkono upige chini wote kwa pamoja, kuanzia kiganja mpaka kiwiko, upige kwa nguvu kama unayekung'uta mkeka, na pumzi itoke. Mkono unapokea badala ya kichwa. Huo ndio ukemi wao. Jaribu kwenye godoro, Mwatumu akushike.

Siku tuliyofundishwa hilo, mwalimu alitupitia mmoja mmoja. Wenzangu vichwa vinagonga godoro, wanarudia. Aliponifikia mimi nikaanguka mara moja, kidevu kimekunjwa, mkono umepiga. Akanitazama. Akauliza polepole, "Wewe nani alikufundisha kuanguka?" Nikamjibu nilikuwa napanda mipera nikiwa mdogo. Akasema, "Mpera." Basi. Akaenda kwa mwingine.

Shangazi, sijawahi kupanda mpera. Unajua nilijifunzia wapi. Chumba chako kilikuwa cha pili, na ukuta ule ni wa udongo na fito. Na mwaka ule masikio yako yalikuwa hayajachoka. Sikugombezi. Naandika tu kwa sababu nikikaa nalo peke yangu linanizibia pumzi.

Kuna kitu kinanishinda. Mwisho wa pigo unatakiwa upaze sauti, wanaita kiai. Sauti itoke tumboni, pamoja na ngumi. Siku ile ya kwanza nilipiga ukemi kwa kuwa hakukuwa na mtu mbele yangu. Akisimama mtu mbele yangu, natazama mikono yake tu. Ngumi inatoka, sauti haitoki. Wenzangu wanarindima, mimi napumua. Nafanya mazoezi nyumbani nikiwa nimeng'ata kanga, na hata hivyo inatoka kama ya kuku.

Kushikwa mkono nimeweza kidogo. Mtu akikukamata kifundo, usivute kurudi, utachoka. Tafuta dole gumba lake. Vidole vinne vina nguvu, gumba liko peke yake. Geuza mkono uelekee kwenye gumba, piga hatua, mkono unarudi kiunoni, umetoka. Kisha ukimbie. Mwalimu anasema kukimbia ndiyo mbinu ya kwanza, hizi nyingine ni za aliyefungiwa njia.

Mlango wangu nimeutia komeo la chuma. Simfungulii mtu. Zuwena akija anapitia uani. Mlango wa mbele nitaufungua kwa sauti yako tu, shangazi, ukinibishia hodi. Ya mwingine yeyote sitaitika.

Mwanasiti


Pangani
14 Machi 2025

Mwana wa kaka,

Marahaba na Ramadhani karimu. Nimechelewa, Mwatumu alikuwa na homa. Saumu inakwenda, kiu tu. Jana nimepika kunde za nazi na mihogo, futari ya watu wawili, ikatosha na daku.

La kuinamisha macho limenitosheleza. Mwambie mwalimu wako Mungu amlipe.

Kuanguka nimejaribu. Mwatumu kashika godoro, mimi nikajitupa kama gunia la nazi, yeye akacheka mpaka akakaa chini. Mara ya pili nikatazama fundo la kanga. Kweli kichwa hakigusi. Lakini mkono unawasha. Mzee mzima najifundisha kuanguka wakati maisha yote nilikuwa najizuia.

Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma. Mwaka huu mipera imezaa sana.

Usimfunge mtoto mgongoni kwa kanga ukiwa na njaa, kizunguzungu kitawaangusha wote.

Kazija


Nguvumali
Jumapili, 20 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Idi ilikuwa njema. Khairiya nilimshonea gauni la kitambaa cha manjano, akalitia uji kabla ya swala. Ameachia ukuta. Anatembea katikati ya chumba mikono juu kama mlevi.

Nina maswali na nakuomba uyajibu.

Umeandika umepika futari ya watu wawili. Unakaa peke yako. Wa pili nani? Nilidhani ni Mwatumu, nikamwuliza. Akasema yeye alifuturu kwake Ramadhani nzima. Nikambana. Akasema, "Mimi ni muuza nazi, mwanangu, usinitie katikati." Nikazidi kumbana. Akasema mlangoni kwako ameona viatu vya kiume, vya ngozi, na wewe ukapokea nazi dirishani hukumkaribisha ndani.

Tangu anieleze hayo sijala nikashiba. Vitumbua nauza shingo imegeuka barabarani. Wiki hii mazoezini tulikuwa tunajifunza kujihami mtu akija kwa nyuma. Mwenzangu akanisogelea mgongoni, mtu mwenyewe ni Zuwena, nanusa hata mafuta yake ya nywele. Nikaganda. Sio kwamba nilisahau la kufanya. Nililijua lote, kuchuchumaa, kiwiko, kugeuka. Mwili ulikataa, ukangoja kipigo kwa adabu. Mwalimu akaniweka pembeni akanipa maji. Akaniambia mwili una kumbukumbu zake, tutaufundisha nyingine, usiuharakishe. Lakini mimi naogopa siku yenyewe haitaningoja mwili wangu ujifunze.

Mvua huku ni masika hasa, najua barabara ya Pangani inakuwa tope. Nitangoja. Nataka neno moja tu. Amerudi, au hakurudi?

Mwanao,
Mwanasiti


Pangani
11 Mei 2025

Kwa Bi Mwanasiti,

Salamu sana. Natumai u mzima. Mimi ni mzima na hapa nyumbani ni salama tu, hakuna mgeni.

Nimekukumbuka nataka kuja kukuona. Nieleze siku unazokwenda mazoezini na siku unazokuwepo nyumbani, na mtoto unamwacha kwa nani. Nieleze nyumba yako ni ya ngapi kutoka msikitini.

Ule ukemi wako wa Kijapani nami naupiga kila siku, asubuhi na jioni.

Ni mimi shangazi yako,
Kazija


Nguvumali
Jumapili, 22 Juni 2025

Shangazi yangu Kazija,

Shikamoo. Mkono unaendeleaje? Bandeji isiloe maji. Khairiya anauliza "bibi" na kuonyesha mlango, na kila akiuonyesha mimi nashtuka, halafu nafurahi, halafu nashtuka tena.

Uliondoka na Mwatumu bila hata ya kukaa tukazungumza. Ulimpakata mtoto, ukanywa uji, ukasema una kuku. Nikajua hutaki. Sawa. Lakini wewe unayajua ya nje ya mlango tu, ya ndani huyajui, na nataka uwe nayo yote. Pengine utafanya kama hukusoma. Nitaandika hivyo hivyo.

Ile barua yako ya Mei nilipoipata nilicheka. Mungu anisamehe. Nilikuwa na hofu miezi, sasa shangazi yangu ananiambia hakuna mgeni na anajitupa kwenye godoro asubuhi na jioni. Nikampelekea Zuwena uani, yuko kwenye beseni anafua. Nikamsomea. Akacheka naye. Kisha akasema, "Hebu rudia hapo mwisho." Nikarudia. Akasema, "Anaupiga? Ukemi wa mwalimu si tunaufanya? Unaopigwa ni ule uliotoa njiwa."

Kicheko kikanikauka. Nikaisoma upya. Bi Mwanasiti. Tangu lini mimi kwako ni bi? Mtoto hukumtaja jina, wala soksi. Mtu mwingine alikuwa amesimama nyuma yako unapoandika, anasoma mstari kwa mstari, na wewe ukapitisha neno lile mbele ya macho yake. Aliona habari za Japani akaliacha lipite. Lakini hapo hapo nikasema labda ninajitisha bure, labda umekosea tu kitenzi, ni mzee, ulikuwa umechoka. Nilikaa katikati ya mambo hayo mawili siku nyingi na ni mahali pabaya pa kukaa.

Halafu nikakumbuka kitu kingine. Kama anasoma zako, basi na zangu kazisoma. Na mimi kwa mkono wangu nilimwandikia ufunguo: nitaufungua kwa sauti yako tu. Angemuulizia muuza vitumbua wa getini shuleni, kisha angekuja na wewe.

Sikukujibu. Nilijua ukimya wangu utakutia hofu, lakini ningeandika nini ambacho asingekisoma? Niliongea na Zuwena na mumewe, na jirani wa upande wa pili. Nikawaambia mkisikia napiga kelele fupi za ngumi jikoni kwangu, hayo mazoezi, endeleeni na yenu. Mkisikia ukemi, njooni. Mume wa Zuwena akasema, "Tutatofautisha vipi?" Zuwena akamwambia, "Wewe mtu wa pwani gani."

Jumamosi ile asubuhi nilikuwa nasuka ukili, nimalizie kawa ya kufunikia vitumbua. Khairiya amelala kitandani. Bajaji ikasimama. Nikasikia miguu, mmoja mzito mmoja mwepesi. Nikasimama. Halafu sauti yako ikasema, "Hodi, Siti."

Shangazi, nilivyofurahi. Nimeingoja hatari ile mwezi mzima, nimeipangia, nimewaambia majirani, na bado sauti yako iliponiita, furaha ilinitangulia. Mkono ulikwishafika kwenye komeo. Nililivuta nusu. Nakueleza ukweli, nusu nililivuta.

Kisha ukanyamaza. Nikasikia mtu ananong'ona, "Sema tena." Mnong'ono ule hata nikiwa kaburini nitaujua.

Ukasema tena. Lakini hukusema hodi.

Sijawahi kukusikia ukipaza sauti maisha yangu yote. Hata kuku huwafukuza kwa kanga. Ukemi uliotoka hapo ulikuwa mrefu, ukapanda, ukapanda tena pale nilipodhani pumzi imekwisha. Chuma chote cha mlango kikalia. Nikalirudisha komeo. Khairiya akaamka bila kulia.

Nikasikia anakuita, "Mama." Mara moja tu, kama mtoto. Halafu nikasikia unaanguka.

Najua sauti ya kichwa kikigonga saruji, shangazi. Naijua kutoka ndani. Niliisikilizia. Nilisikia mkono. Ulipiga chini wote, pa, kama mkeka unaokung'utwa, na pumzi yako ikatoka. Kichwa sikukisikia. Uliangalia fundo la kanga.

Hapo nikafungua mwenyewe. Mwalimu Beatrisi amenigombeza kwa hilo, amesema mlango uliofungwa ni mbinu bora kuliko zote. Ana haki. Lakini wewe ulikuwa chini, na yeye alikuwa amesimama juu yako, na mimi siwezi kukaa chumba cha pili.

Akanishika mkono, kifundo hiki cha kulia. Uliona. Msimamo wote niliofundishwa hata sijui ulikwenda wapi. Kitu kimoja tu kilibaki, gumba. Nikageuza kuelekea kwenye gumba, mkono ukarudi kiunoni, na sauti ikatoka. Ile iliyokataa miezi yote. Sijui kama ilikuwa kiai au ukemi, haikuniambia. Mkono ukawa wangu. Hicho tu ndicho nilichokifanya kwa karate yangu yote. Watu wakidhani nilimrusha angani, usiwasahihishe.

Yaliyobaki umeyaona. Zuwena na mchi wake, mumewe na taulo kiunoni, mama wa jirani na mwiko unaotoka moshi, vijana wa bodaboda. Hawakumpiga, nashukuru, walimzunguka tu mpaka akakaa mwenyewe kwenye ngazi, akaficha uso. Wakampeleka serikali ya mtaa, na kutoka huko polisi. Leo nimesikia ametoka na amesema anarudi Mombasa. Anaweza kuwa kweli Mombasa. Anaweza kuwa Chuda hapa anakunywa chai. Bado bodaboda ikizima injini naacha mafuta. Sitakudanganya kwamba hofu imekwisha. Imejifunza kukaa mahali pake tu, siku nyingine inatoka.

Ulimkemea mwanao wa kumzaa mbele za watu. Najua uzito wake, au labda siujui, nitaujua Khairiya akikua. Sikuombi useme lolote juu ya zamani. Nataka tu ujue nilikusikia.

Mwanasiti


Pangani
13 Julai 2025

Mwanangu Siti, mwana wa kaka,

Marahaba. Mkono unapona, nimeanza kukuna nazi kwa wa kushoto. Mwekundu amelalia tena. Makuti ya jikoni Mwatumu kaniletea mapya, mtu wa kuyapandisha nimempata. Mpe Khairiya hiki kikofia, nimekisuka kwa mkono mmoja kwa hiyo kimepinda. Asimvishe paka.

Barua yako nimeisoma yote.

Chumba kile cha pembeni nimekitoa kila kitu nje, nimekifagia, nimefungua dirisha. Ukuta nao nimewaambia wapige upya udongo. Wameuliza mbona ni mzima, nikasema mimi ndiye mwenye nyumba.

Mwalimu wako mwambie nina swali jingine, hiyo pumzi hutoka kabla ya mkono kufika chini au baada, maana mimi ilitoka yote kabla.

Mvua zikikatika njooni, wewe na mtoto. Mlango wangu nami nimeutia komeo. Ukifika usibishe hodi, hodi anaweza kuambiwa mtu aiseme. Ukishuka tu kwenye gari, ukiwa bado huko njiani kwenye minazi, piga ukemi.

Nitasikia.

Shangazi yako,
Kazija